Khofu ya bahari imenijia miezi mitatu baada ya kunusurika, na shemeji anasema ninayoyakumbuka hayakuwa. Nani mkweli?

#1 MtuWaKikadini
Assalaam alaykum. Nina jambo linanisumbua, naomba wanaoijua bahari na wanaojua mambo ya akili wanisaidie.

Julai ya mwaka jana, mwezi 16 kwa hesabu ya mwezi mwandamo, mimi na shemeji yangu (kaka wa mke wangu) tulikuwa tunarudi kuvua nje ya mwamba, hapa Jambiani, Unguja. Upepo wa kusi umeshika barabara. Tulipofika mlangoni, yaani penye mwanya wa mwamba, maji yalikuwa yanatoka kwa kasi na mawimbi yanakunja mbele yetu. La kwanza tulilipita. La pili likatushika ubavuni, mrengu wa kulia (mti wa pembeni wa ngalawa) ukakatika, ngalawa ikabiruka. Tukaikumbatia hivyo hivyo kifudifudi, maji yanatupeleka nje na huku yanatupandisha juu. Aliyetuokoa ni mvuvi wa Paje aliyekuwa anarudi, akatuingiza kwa mlango wa kwao. Nakumbuka kina mama wa mwani walisimama wakatuangalia, mmoja akavua kanga yake nyekundu akanifunika.

Sasa maajabu mawili. La kwanza, baada ya hapo sikuogopa. Nilitengeneza ngalawa, nikarudi baharini wiki ya tatu. Khofu ilikuja mwezi wa Oktoba, bahari shwari, nimekaa barazani kwangu. Mvua ilianza kupiga bati, nikasikia lile gugumo la maji chini ya sikio, nikashindwa kupumua. Tangu siku hiyo sijaweka mguu chomboni. Binti yangu kajifungua Dar, mjukuu wa kwanza, nimefika bandarini Malindi, hapa Unguja mjini, mara tatu na mara tatu nimerudi.

La pili, mimi nakumbuka tulikaa majini tangu saa mbili asubuhi mpaka karibu na alasiri. Shemeji anasema haikuzidi nusu saa. Mimi nakumbuka sauti ya mtu mzima ikiita, si yangu wala yake. Yeye anasema hakukuwa na mtu. Tumebishana mpaka mke wangu katukataza kulizungumza mezani. Kama nakumbuka uongo, basi naogopa uongo?

#2 Sangara_Mwanza
Pole sana mzee wangu. Nafuatilia.

#3 UmmuSabra
Alhamdulillahi kwa uhai. Hiyo sauti usiipuuze. Bahari ina wenyewe. Bibi yangu wa Makunduchi alikuwa akisema mtu akishtuka baharini, moyo wake hubaki pale pale aliposhtukia, anarudi mwili tu. Miezi ya mwanzo hajui, kwa sababu mwili una nguvu zake, halafu siku moja unaanza kuudai moyo wake. Afanyiwe kisomo, anywe kombe (maji yaliyooshea aya zilizoandikwa), arudi pwani pale pale atoe sadaka.

#4 Tabibu_wa_Zamu
Pole kaka. Mimi ni muuguzi, si daktari, lakini nimekaa na watu wengi waliopita kwenye ajali. Kuchelewa kwa hofu si ajabu. Mwezi wa kwanza ulikuwa na kazi: mrengu wa kutengeneza, nyavu za kutafuta, watu wanakuja kukupa pole. Kazi ilipokwisha ndipo mwili ulipopata nafasi ya kutetemeka. Ubongo una sehemu ndogo inaitwa amigdala, inashika hatari kwa ishara zake: mlio, harufu, baridi. Haishiki saa wala tarehe. Ndiyo maana mvua kwenye bati inakurudisha mlangoni, ingawa unajua vizuri kwamba uko barazani.

Kuhusu muda, mwaka 2007 kina David Eagleman kule Marekani walichapisha jaribio. Waliwadondosha watu kutoka juu, kama mita 31, chali, wakadakwa na wavu. Walipoulizwa anguko lao lilichukua muda gani, walilitaja kuwa refu kwa karibu theluthi nzima kuliko walivyokadiria maanguko ya wenzao. Lakini walipopimwa kama macho yao yalikuwa yanaona kwa kasi zaidi wakati wanaanguka, hapana, yalikuwa vile vile. Muda haukurefuka pale pale. Ulirefuka kwenye kumbukumbu, kwa kuwa kumbukumbu ya hatari hubeba vitu vingi.

#5 Nahodha_wa_Zamani
Bwana Kikadini, salama. Mimi nimeendesha mashua na majahazi miaka 31, Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa. Hayo ya ubongo nawaachia wenyewe. Saa yako iko kwenye maji, na maji hayasahau. Tuhesabu.

Umesema mwezi 16. Hilo ni bamvua, maji makubwa. Kwetu bamvua hujaa saa kumi alfajiri au karibu yake, hupwa saa nne asubuhi, na kila siku huchelewa dakika kama 50. Kwa mwezi 16 weka kupwa saa nne na nusu hadi saa tano. Mlimokuta maji yanatoka kwa kasi na mawimbi yanakunja, hayo ni maji ya kupwa yanapigana na mawimbi ya kusi mlangoni. Kwa hiyo saa mbili, saa mbili na nusu asubuhi nakukubalia.

Tazama ulivyotoka. Mvuvi wa Paje kakuingizeni kwa mlango wao na hukusema habari ya mawimbi kukunja tena. Maana yake maji yamesimama au yamekwisha geuka. Hapo si kabla ya saa nne na nusu. Shemeji na nusu saa yake hajasema kweli.

Na wewe umesema uliwaona kina mama wa mwani. Kwenye mwani wanakwenda maji yakipwa, na yakirudi yakafika mapajani wanaondoka. Saa saba mchana siku ya bamvua hukuti mtu kule. Alasiri ungekuta maji yamejaa mpaka kwenye minazi. Kwa hiyo na wewe hujasema kweli. Mlikaa majini kwa muda wa saa mbili hadi tatu, zaidi ya hapo haiwezekani.

#6 Kijana_wa_Likoni
Nahodha, umepiga hesabu kama hakimu. Shikamoo.

#7 Nahodha_wa_Zamani
Marahaba. Siyo mimi, ni mwezi.

#8 MtuWaKikadini
Mzee Nahodha, nimesoma mara tatu. Kina mama wa mwani niliwaona kweli, hilo sina shaka, ile kanga ninayo mpaka leo, mwenyewe alikataa kurudishiwa. Sasa mbona nakumbuka kivuli changu mchangani kimenilalia kirefu mbele yangu? Saa tano, saa sita, jua liko utosini, kivuli kirefu kinatoka wapi? Kwa sababu ya kivuli hicho ndiyo maana nasema alasiri.

#9 Mwalimu_Kibigija
Jirani yako hapa. Jua halikuwa utosini. Julai jua liko mbali upande wa kaskazini, kwetu linakuwa utosini mwezi wa Oktoba na mwezi wa Machi mwanzoni. Ukisimama adhuhuri ya Julai kivuli chako kinaanguka upande wa kusini na urefu wake ni karibu nusu ya kimo chako. Toka nje mwaka huu upime. Kivuli ulikiona kweli, ila umekitafsiri kwa mazoea.

Halafu Mzee Nahodha, kuna jambo hukulihesabu. Kutoka kwetu mpaka Paje ni kama kilomita 6, na wakati wa kusi mkondo wa nje ya mwamba unakwenda kaskazini kwa nguvu. Ngalawa iliyobiruka haina tanga, imechukuliwa na mkondo tu. Ukijua kasi ya mkondo unapata muda.

#10 Nahodha_wa_Zamani
Mwalimu, ahsante kwa kivuli, hilo sikuliwaza. Mkondo nao nauheshimu, lakini haukatiwi bei. Karibu na mwamba unaweza kukusimamisha, ukisogea nje kidogo unakukimbiza kama gari. Na kutoka mlango upi? Kikadini na Kibigija zote ni Jambiani, lakini si mahali pamoja. Mimi nabaki na maji kupwa na kujaa.

#11 Binti_wa_Wete
Samahani nitaandika kirefu.

Mimi sikuwa baharini, nilikuwa kitandani Wete usiku ilipozama MV Spice Islander mwaka 2012 pale karibu na Chumbe. Mjomba wangu alikuwemo. Hakurudi, hata mwili hatukuupata. Na mimi nina kumbukumbu ya bahari ile kama nilikuwemo. Naona taa zinazimika, naona magodoro yanaelea, nasikia watoto. Najua kwamba hivi nilihadithiwa na walionusurika, walikuwa wanasema wameshikilia magodoro. Lakini kichwani mwangu vimekaa kama nilivyoviona kwa macho.

Na nakumbuka simu ililia wakati wa adhana ya alfajiri, mama akaiangusha. Dada yangu anasema simu ililia asubuhi kumekucha, na aliyeiangusha ni yeye.

#12 Mwalimu_Kibigija
Dada, Mwenyezi Mungu amrehemu mjomba. Kwa heshima naomba nirekebishe, usiwe na kinyongo. Iliyozama karibu na Chumbe ni MV Skagit, tarehe 18 Julai 2012, mchana, ikitoka Dar kuja Unguja. Spice Islander ni usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, mkondo wa Nungwi, ikienda Pemba.

#13 Binti_wa_Wete
Subhanallah. Ni kweli. Ni Nungwi, 2011. Nimeandika Chumbe bila hata kufikiri. Msiba ulitukuta Septemba, na Julai iliyofuata tulikuwa bado tunasoma khitma zetu za kila mwezi ikaja hii nyengine. Kwangu zimeungana zikawa meli moja.

Nilitaka kuufuta ujumbe. Nimeuacha.

#14 Tabibu_wa_Zamu
Usiufute, dada. Umejibu swali la uzi huu kuliko sisi. Ile chombo ya anga ya Challenger ilipolipuka mwaka 1986, mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwaandikisha wanafunzi wake kesho yake: ulikuwa wapi, nani alikwambia. Akawarudia baada ya miaka kama miwili na nusu. Wengi walieleza mambo tofauti, na walikuwa na uhakika nayo. Wengine walionyeshwa mwandiko wao wenyewe wakashikilia la sasa. Uhakika na usahihi ni vitu viwili.

#15 UmmuSabra
Sawa, lakini sauti aliyoisikia hamjaigusa. Mmehesabu maji, mmehesabu kivuli, sauti mmeiruka.

#16 Abu_Mtoni
Ummu Sabra, kwa nia njema: kumrudisha pwani kutoa sadaka kwa "wenyewe wa bahari" si katika dini yetu. Kisomo cha Qur'ani, sawa. Dua, sawa. Kupeleka kitu baharini kwa ajili ya majini, hapana.

#17 UmmuSabra
Sikusema apeleke kitu majini. Nimesema arudi pale atoe sadaka, awape watoto wa pale pwani vitumbua, amshukuru Mola wake aliyemtoa. Bibi yangu alikuwa anasali sala zake tano bila kukosa, usimtie katika mengine.

#18 Abu_Mtoni
Kama ni vitumbua kwa watoto nimekosea, nisamehe.

#19 Sangara_Mwanza
Hata sisi wa ziwani tunayajua haya. MV Bukoba ilipozama mwaka 1995 baba yangu alikuwa amekata tiketi akachelewa. Hakupanda meli maisha yake yote. Alikuwa anapita barabara kuzunguka ziwa, safari ya siku nzima na zaidi, kwa ajili ya meli ambayo hakuipanda.

#20 Kijana_wa_Likoni
Bukoba ni tarehe 21 Mei 1996, ndugu. Lakini ziwa nalo umelileta kwenye uzi wa bahari? Kule kwenu maji hayana hata chumvi.

#21 Sangara_Mwanza
1996, asante. Nilikuwa mdogo. Na njoo Bwiru wakati wa upepo uniambie kama mtu anazama kwa sababu ya chumvi.

#22 Kijana_wa_Likoni
Yamekwisha, nimekuomba radhi. Na mimi nina langu. Feri ya Mtongwe, hapa Mombasa, ilizama tarehe 29 Aprili 1994, mita chache tu kutoka nchi kavu, wakafa watu 272. Mamangu alikuwa na miaka 22, alifika akakuta imeondoka kitambo kidogo, akaona kila kitu kutoka ufukoni. Leo ana zaidi ya miaka 50, anavuka Likoni karibu kila siku kwenda kuuza sokoni, na kila siku akikanyaga feri anavua viatu anavishika mkononi. Hajawahi kutueleza sababu. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni heshima, kama mtu anayeingia msikitini. Nilikuja kujua nikiwa mkubwa kwamba anajiweka tayari kuogelea. Na hajui kuogelea.

Kwa hiyo mzee wa Kikadini, pengine hofu si lazima iondoke. Mamangu anavuka nayo.

#23 Binti_wa_Wete
Viatu mkononi. Hili litakaa na mimi.

#24 Mutrah77
Nawasalimu kutoka Muscat. Kwangu ni harufu. Juni 2007 kimbunga Gonu kilipopita hapa, maji yaliingia nyumba ya chini, mchanganyiko wa tope na dizeli. Mpaka leo nikipita karibu na jenereta mikono inalowa jasho. Naafiki aliyesema mwili haushiki tarehe.

#25 Dau_la_Tanga
Mimi nina maoni tofauti na nyote. Mnaichukua khofu kama ugonjwa. Miaka yote kabla ya hapo bwana huyu alikuwa anaingia mlangoni maji ya kupwa, bamvua, kusi kali. Hiyo siyo saa ya kuingia. Wazee wetu walikuwa wanasubiri nje mpaka maji yasimame, hata kama samaki wataharibika. Khofu aliyonayo sasa alitakiwa awe nayo zamani, kidogo kidogo. Imekuja yote kwa pamoja kwa sababu ilikuwa inadaiwa.

#26 Nahodha_wa_Zamani
Dau la Tanga una haki nusu. Kweli ile haikuwa saa ya mlango. Lakini kumwambia mtu aliyenusurika kwamba angesubiri, hilo kila baharia analo la kwake. Mimi mwaka 1988 nilipita Nungwi usiku nikiwa na abiria na chumvi, upepo unanitazama usoni. Tulifua maji mpaka asubuhi. Watu waliponiuliza niliwaambia ilikuwa safari ya kawaida. Nilisema hivyo mara nyingi hata nikaanza kuamini. Miaka michache nyuma nilikutana na mmoja wa mabaharia wangu wa siku ile, mzee sasa, akaniambia: "Nahodha, ulikuwa unalia." Sikumbuki kulia. Na sina sababu ya kumwita yule mtu mwongo.

#27 Shemeji_Mtu
Assalaam alaykum. Mimi ndiye shemeji anayetajwa. Dada yangu kanionyesha uzi huu jana usiku, nimeusoma wote.

Nimefungua akaunti kwa ajili ya kusema mawili. Nusu saa niliisema mimi siku ile ile jioni. Tulipofika nyumbani mama yangu alikuwa kwenye kiti, ana presha, akaniuliza mlikaa majini muda gani. Nikamwambia nusu saa, mama, hata haifiki. Akapumua. Basi kila aliyekuja kutupa pole nilimwambia nusu saa mbele ya mama. Wamekuja watu wengi. Aliponena Mzee Nahodha habari ya "nilisema mara nyingi hata nikaanza kuamini," niliiweka simu chini nikatoka nje. Mimi leo nikikumbuka nakumbuka nusu saa, wallahi, sikudanganyi shemeji. Lakini hesabu ya maji siwezi kuipinga.

La pili ni sauti. Mimi nilikuwa nasoma Ya Latifu, jina la Mwenyezi Mungu, nahesabu kwa vidole juu ya ubao, nilipokuwa nakosea narudia mwanzo kwa nguvu. Sauti ilikuwa imekauka kwa maji ya chumvi. Sijui kama ni hiyo uliyoisikia. Wewe umesema ilikuwa ya mtu mzima na ilikuwa inaita. Mimi sikuita mtu.

#28 UmmuSabra
Mashaallah. Ya Latifu ni kuita.

#29 Tabibu_wa_Zamu
Nimefurahi umekuja. Kaka wa Kikadini, swali lako la "naogopa uongo?" mimi nalijibu hapana. Saa zinaweza kukosewa na baridi ikawa kweli. Ningependa uonane na mtu wa afya ya akili, na usiogope maneno ya watu ukionekana hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, wanaokwenda pale si vichaa. Wakati unangoja, fanya kwa hatua. Siku ya kwanza fika bandarini ukae tu, boti ziondoke, usirudi nyumbani mpaka moyo utulie wenyewe. Siku nyengine panda ukae dakika chache imefungwa gatini, ukiwaomba ruhusa. Ukikimbia moyo ukiwa bado unadunda, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa.

#30 Abu_Mtoni
Na asipande peke yake.

#31 MtuWaKikadini
Nimechelewa kujibu, nilikuwa nasoma na kufunga simu, nasoma na kufunga.

Shemeji, hukuniambia habari ya mama. Tumebishana miezi yote hii na hukuniambia.

Sauti siwezi kusema ni yako. Nimejaribu tangu asubuhi kuivika sauti yako, inakaa kidogo halafu inatoka. Ile niliyoisikia ilikuwa kama ya marehemu baba, na baba alikuwa akiniita jina ambalo hapa sitaliandika. Mwalimu, kivuli nimekuelewa. Mzee Nahodha, saa tatu nimezikubali kwa akili. Moyoni bado ni siku nzima.

Dada wa Wete, nimekuombea mjomba.

Nimemwambia mke wangu nitakwenda Malindi tena wiki hii. Shemeji, kama una nafasi, njoo tukae wote.

#32 Shemeji_Mtu
Nitakuja. Alhamisi sina kazi.

#33 Kijana_wa_Likoni
Mzee, ukiona vigumu vua viatu.

#34 Nahodha_wa_Zamani
Alhamisi itakuwa mwezi 23, maji mafu, mkondo hauna nguvu. Mkijaaliwa kupanda, chukueni boti ya asubuhi kabla upepo haujaamka, mkae chini, nyuma kidogo ya katikati, hapo chombo hakirushi. Usiangalie maji ya karibu, angalia kisiwa. Chumbe utauona mnara wake upande wa kushoto.

#35 Sangara_Mwanza
Mkifika Dar mtuambie mjukuu kaitwa nani.